Safari ya Mume na Mke Kwenda Pwani

Ndugu wengi wa hapa Nkololo wametuuliza habari za safari yetu ya Bagamoyo na Unguja, na wengine hawakuuliza tuliona nini, bali waliuliza kwa nini tulikwenda. Basi tumeona ni vema kuwajibu wote pamoja katika gazeti hili, ili kila nyumba isome na kupima yenyewe.

Yatupasa kuanza na hilo neno la kwa nini. Tumekaa katika ndoa miaka 26, na katika miaka hiyo yote tulisafiri pamoja kwa mambo mawili tu, yaani msiba na hospitali. Mwaka 2025, pamba ilipokwisha kupimwa na kulipwa, tulitoa fungu la kumi, tukatenga ada za watoto na fedha za mbegu, ndipo tukaona kimebaki kitu kidogo. Mume alitaka kununua ng'ombe wawili wa kulimia. Mke akasema, “Bwana, ng'ombe tumewanunua mara nyingi. Mimi bahari sijaiona.” Neno lile likakaa nyumbani mwetu siku tatu.

Jirani mmoja aliposikia, akatuambia kwamba kusafiri bila shughuli ni desturi ya Wazungu. Hao, wakati wa joto kwao, huteremka kwa maelfu kwenda miji na pwani za Italia, Uhispania na Ugiriki, mume na mkewe, wakatazama makanisa ya kale na kuoga baharini. “Lakini Mkristo wa Usukuma,” akauliza, “atatazama nini?” Hatukuwa na jibu. Tukaondoka mwezi wa Agosti bila jibu, watoto wakabaki na bibi yao.

Tulipanda basi Bariadi alfajiri, tukapita Maswa, Shinyanga, Nzega, Igunga na Singida, hata tukafika Dodoma usiku. Chakula chetu cha njiani kilikuwa michembe na karanga. Kesho yake tukapanda treni ya umeme, ile iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam mwaka 2024. Wazee wetu walizoea kusema gari la moshi, lakini hili halina moshi hata kidogo. Kwa muda wa saa nne hivi tukawa tumefika pwani, na chai tuliyonunua ilikuwa haijamwagika.

Katika saa zile nne tuliwakumbuka babu zetu. Kabla ya reli ya kati kufika Tabora mwaka 1912, watu wa Usukuma na Unyamwezi walikwenda pwani kwa miguu. Walikuwa wapagazi. Kila mtu alichukua begani mzigo wa kilo 30 au zaidi, pembe za ndovu wakati wa kwenda, nguo na shanga na waya wakati wa kurudi. Kutoka Tabora peke yake safari ilikuwa ya miezi mitatu hivi, na mtu wa Usukuma alikuwa na njia ndefu zaidi. Wengi walikufa kwa njaa, kwa ndui na kwa vita vya njiani. Waliofika waliutua mzigo Bagamoyo, na wako wasemao kwamba ndiyo sababu ya jina lile: hapa ndipo mtu huubwaga moyo, akapumzika. Wengine husema kwamba jina ni kilio cha mtumwa aliyeachwa ufukoni, akijua ya kuwa moyo wake ataubwaga hapo na mwili utavushwa. Sisi hatuwezi kuamua, lakini tuliyachukua maneno yote mawili moyoni.

Bagamoyo ni mji wa kale, kiasi cha kilometa 70 kaskazini ya Dar es Salaam. Hata mwaka 1891 ulikuwa makao makuu ya serikali ya Wadachi. Milango yake ya mbao imechorwa maua kwa patasi, na nyumba nyingi za mawe zimeanza kubomoka kwa chumvi ya bahari. Tulishuka kwenye gari, tukashika njia ya kwenda kutazama ile nyumba ya zamani iliyopokea misafara. Sasa hapa tutasimulia jambo dogo, ambalo ndilo kisa cha makala hii.

Mume alitangulia, kama ilivyo desturi yetu, mkononi ana fimbo na simu. Mke alifuata nyuma, begi kubwa kichwani, kikapu cha michembe mkononi. Tulikuwa tumetembea hivyo tangu nyumbani wala hapana aliyeona ajabu, na sisi wenyewe hatukuona. Mzee mmoja alikuwa ameketi kivulini kwenye baraza. Akatusalimu kwa adabu, akatuuliza twatoka wapi, nasi tukamwambia twatoka Usukuma. Akacheka kwa upole, akasema, “Karibuni sana. Wapagazi wa kwenu twawajua tangu zamani za mababu. Lakini, bwana, huyu wako umemkodi kwa shilingi ngapi?”

Tulicheka sote watatu. Lakini kicheko cha mke kilikoma kwanza.

Mchana ule tulikwenda misheni. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakaanza kuwakomboa watumwa na kuwapa mahali pa kukaa. Upo mbuyu mkubwa ambao wenyeji huonyesha mnyororo uliofungwa shinani zamani. Mti umekua ukaumeza mnyororo, na sasa waonekana kidogo tu. Upo na mnara wa kanisa la kwanza, unaoitwa mnara wa Livingstone, kwa maana ndani yake maiti ya David Livingstone ililazwa usiku wa tarehe 24 Februari 1874.

Habari ile twaijua tangu shuleni, lakini tulipoisikia mahali pale ilikuwa kama mpya. Livingstone alikufa mwezi wa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo Zambia sasa. Watumishi wake, Chuma na Susi pamoja na wenzao, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa jua, wakauchukua hata pwani kwa muda wa miezi tisa hivi. Walipoona kwamba watu wa njiani wanaogopa kupitishiwa maiti, wakaifunga kama robota la nguo ili isijulikane. Wala hawakuwa wanaume peke yao. Walikuwamo wanawake, na mmoja wao ni Halima, mpishi wa marehemu. Hapana aliyewalazimisha, kwa maana aliyewaajiri amekwisha kufa. Mzigo ule waliupokea wenyewe, wakapokezana.

Usiku hatukulala upesi. Mke akasema, “Bwana, yule mzee wa barazani hakukosea.” Mume akajibu kwamba ni mzaha tu, na kwamba kila mke wa kwetu huchukua hivyo: maji, kuni, mtoto mgongoni, na magunia ya pamba toka shambani. Mke akasema, “Ndiyo, kila mke.” Hakusema zaidi. Mume alikuwa na majibu mengi, na kila alipolichagua moja aliliona ni jepesi kuliko lile begi. Hatuoni haya kuwaambia kwamba tulilala tumepeana migongo.

Asubuhi tulikwenda ufukoni. Bahari ilikuwa imejaa, rangi yake kama jani bichi karibu na kama wino mbali, na mashua zilikuwa zikirudi na samaki. Mke alisimama majini hata magotini, akaonja maji kwa kidole, akasema, “Kumbe ni kweli ni ya chumvi,” akacheka kama msichana. Hapo mume akaona kwamba kwa miaka 26 amekuwa akitembea mbele ya mtu huyu, wala hakupata kumtazama usoni njiani. Tuliporudi kuchukua vitu vyetu, alilitwaa begi yeye, akaliweka begani. Hakutoa hotuba. Mke naye hakusema kitu, ila alitembea upande wake, si nyuma.

Tulirudi Dar es Salaam, tukavuka kwenda Unguja kwa meli ya muda wa saa mbili. Upepo wa kusi ulivuma kwa nguvu, na yule aliyekuwa hodari nchi kavu alitapika njia nzima. Mke ndiye aliyemshikia kichwa. Basi mizigo nayo ilikuwa na zamu.

Katika Mji Mkongwe tulikwenda Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko lile lilifungwa mwezi wa Juni 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na siku ya Krismasi mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Askofu Edward Steere, aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili, ndiye aliyesimamia ujenzi. Madhabahu, kama wenyeji wasemavyo, imesimama penye mti waliofungiwa watumwa na kupigwa. Umo na msalaba mdogo uliochongwa kwa mti ule wa Chitambo, ambao moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake. Nje, ndani ya shimo, zimesimama sanamu za watu watano wamefungwa minyororo shingoni.

Tulisimama pale kimya. Ni rahisi kusema kwamba ubaya ule ulikuwa wa Waarabu, au wa Wazungu waliokuwa na mashamba ya miwa visiwani. Lakini yatupasa kusema kweli. Wakuu wa misafara na watemi wa bara nao waliuza watu na kununua watu, na katika nchi ya Unyamwezi mashamba mengi yalilimwa na watumwa. Katika Tanganyika utumwa haukufutwa na sheria mpaka mwaka 1922. Huenda babu zetu walichukua mizigo. Huenda wengine waliwatwika wenzao. Mume akasema kwa sauti ndogo, “Mtu akizoea kumtwika mwenzake, hauoni mzigo tena.” Tuliomba pamoja, tukatoka.

Siku mbili za mwisho tulikaa Jambiani, pwani ya mashariki. Wageni wa Ulaya ni wengi kule, na wengi wao ni mume na mke kama sisi. Maji yanapopwa, bahari huenda mbali, na wanawake huingia na vigingi na kamba kulima mwani. Kilimo hicho kilianza katika pwani ile yapata mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Walitueleza kwamba aina ya mwani yenye bei nzuri haistawi tena kama zamani, kwa sababu maji ya bahari yamepata joto. Sisi wakulima wa pamba tulielewa bila mkalimani. Mama mmoja Mwislamu, mwenye nyumba tuliyopanga, alitupikia wali na samaki wa nazi, akakataa tusilale kabla ya kutusindikiza barazani kwa mazungumzo. Tulimpa michembe iliyobaki, naye akaipenda. Hatukusikia kwake neno moja la kutudharau, nasi twawaomba wasomaji wakumbuke jambo hilo wanaponena habari za watu wa pwani.

Sasa twaja mwisho. Kuchukua begi mbele ya watu wasiokujua si kazi. Kazi ilikuwa kushuka kwenye gari hapa Nkololo, saa kumi ya jioni, watu wamejaa penye maduka. Twakiri kwamba tulisita. Mke alinyosha mkono kulitwaa begi, kwa kumhurumia mumewe. Mume akatikisa kichwa, akaliinua begani, tukapita sote wawili sambamba. Vijana walicheka, mmoja aliuliza kama mama ni mgonjwa. Tukamwambia kwamba mama ni mzima.

Yule jirani alikuja usiku ule ule, akauliza tena Mkristo wa Usukuma ametazama nini huko. Tukamsimulia haya yote, toka baraza ya Bagamoyo hata shimo la Mkunazini. Alinyamaza, kisha akasema ng'ombe wawili wangelima. Ni kweli, wangelima. Lakini mtume Paulo alipowaandikia Wagalatia juu ya kuchukuliana mizigo, tulidhani kwamba anasema habari za mizigo ya moyo tu. Sasa twaona kwamba ndoo ya maji nayo ni mzigo, na kuni nazo.

Enyi walimu, mnaowafundisha vijana habari za wapagazi, waulizeni pia nani huchukua maji nyumbani kwao. Na ninyi wenye nyumba, si lazima mwende pwani. Njia ya kisimani yatosha kuanzia, mkienda wawili.

Sisi wenzenu katika Bwana, mume na mke, Nkololo.