Sumu Iliyomo Ghalani



Mnamo mwaka 2004, katika wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika nchini Kenya, watu walianza kufikishwa hospitalini wakiwa na macho ya manjano, matumbo yamevimba na wakitapika. Watu 317 waliugua, na 125 kati yao wakafa. Miaka kumi na miwili baadaye, mwaka 2016, dalili kama hizo zikatokea katika vijiji vya mikoa ya Dodoma na Manyara, hapa Tanzania. Watu wapatao 20 walifariki dunia.

Haukuwa ugonjwa wa mbu, wala haukutokana na maji machafu. Kilichowaua ni ugali. Na wengi wao mahindi hayo hawakuyanunua kwa mlanguzi. Waliyalima kwa mikono yao, wakayavuna na kuyaweka ndani ya nyumba zao wenyewe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Sumu hiyo wataalamu wanaiita aflatoksini, na kwa Kiswahili tumezoea kuiita sumukuvu. Iligunduliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka 1960. Walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga kutoka Brazili, na ndani ya mashudu hayo mlikuwamo kuvu aitwaye Aspergillus flavus.

Juma hili nataka tufuate safari ya sumu hiyo, tangu udongoni hadi kwenye ini la binadamu. Katika miaka ya karibuni wataalamu wa udongo, wa sumu, wa magonjwa ya kuambukiza na wa mifuko ya kuhifadhia nafaka wamefanya kazi kila mmoja mahali pake. Lakini tukiyaweka pamoja waliyoyapata, tunaona kwamba wote walikuwa wakizungumzia sahani moja ya ugali.

Tuanze na udongo. Kuvu huyu anaishi shambani, katika mabua na magunzi yaliyooza. Jua likiwa kali na mvua ikikatika wakati mahindi yanachanua, mmea hudhoofika, naye kuvu hupata nafasi ya kuingia ndani ya punje. Kwa hiyo sumu inaweza kuanza kabla hata ya kuvuna. Lakini si kila ukoo wa kuvu huyu hutoa sumu. Mtaalamu Peter Cotty wa Marekani alijiuliza: je, tukiwapanda shambani wale wasio na sumu, hawatawanyang'anya nafasi wale wenye sumu? Jibu likawa ndiyo. Taasisi ya kilimo ya IITA, yenye makao yake Ibadan, Nigeria, ikaifanyia kazi hoja hiyo hapa Afrika, na ikapatikana Aflasafe. Hii ni mbegu ya mtama iliyokaangwa ili isiote, ikapakwa kuvu wasio na sumu na kutiwa rangi ya buluu. Mkulima huitawanya kwa mkono, kilo 4 kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajachanua. Majaribio yameonyesha kuwa sumu hupungua kwa asilimia 80 na zaidi. Kenya iliisajili mwaka 2015, na Tanzania mwaka 2018, kila nchi ikitumia kuvu waliotoka katika ardhi yake yenyewe.

Sasa tuingie mwilini. Sumukuvu ikiliwa kwa wingi huua kwa siku chache, kama ilivyotokea Makueni. Lakini ikiliwa kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, hufanya kazi yake kimya kimya. Ini linapojaribu kuivunja sumu hii, huigeuza kuwa kitu kikali zaidi, ambacho hung'ang'ania ndani ya chembe hai na kuharibu maagizo ya urithi. Mwaka 1991 watafiti walionyesha kwamba wagonjwa wengi wa saratani ya ini kutoka China na kusini mwa Afrika walikuwa na kasoro mahali pamoja tu katika jeni iitwayo p53, ambayo kazi yake ni kuzuia chembe zisizaane ovyo. Ilikuwa kama alama ya vidole vya mwizi.

Na mwizi huyu ana mwenzake. Huko Shanghai, China, wanaume zaidi ya 18,000 walifuatiliwa kuanzia mwaka 1986. Waliokutwa na dalili za sumukuvu katika mkojo walikuwa katika hatari ya saratani ya ini mara 3 zaidi ya wengine. Waliokuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B, mara 7. Je, waliokuwa na vyote viwili? Mtu angetarajia mara 10, au pengine 20. La hasha! Ilikuwa karibu mara 60. Ndiyo maana chanjo ya homa ya ini B, anayopewa mtoto mchanga pamoja na nyingine katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ni kinga pia dhidi ya madhara ya mahindi mabovu. Mama anayekosa tarehe ya kliniki hajui kuwa anaacha wazi mlango ambao sumu ya ghalani itauingilia miaka thelathini baadaye.

Imebaki ghala lenyewe. Mahindi yakihifadhiwa na unyevu, au yakitobolewa na dumuzi, kuvu hustawi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, wakishirikiana na wenzao wa Kameruni tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, walitengeneza mfuko wa tabaka tatu: mbili za plastiki nzito ndani, na gunia la kufumwa nje. Ukifungwa sawasawa, wadudu waliomo humaliza hewa ya oksijeni na kufa, bila dawa yoyote. Lakini mfuko hauondoi sumu iliyokwisha kuingia, na mahindi yenye unyevu yakifungiwa humo huharibika. Kuna njia rahisi ya kupima. Tia chumvi kavu na konzi ya mahindi katika chupa kavu, uifunge, uitikise, kisha uiache kwa robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani, juu ya turubai, wala si juu ya udongo mtupu.

Wako wanaosema, "Si tutapika tu, moto utaiua?" Ndugu zangu, moto wa jikoni humuua kuvu, lakini sumu yake hubaki. Wala tusitegemee macho, kwani punje inaweza kuonekana safi na kumbe imebeba sumu. Kuchambua na kukoboa hupunguza, lakini hakumalizi.

Na hapa ndipo lilipo jambo linalonisumbua. Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia kwa siku chache mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Wafanyabiashara walilalamika, viongozi wakakutana, vipimo vikatafutwa. Ni vyema. Lakini mahindi yanayovuka mpaka yana wa kuyapima. Yanayobaki nyumbani hayana. Mkulima akichambua, yaliyo mazuri huyapeleka sokoni. Mabovu huyapeleka wapi? Huyafanya pombe, huwapa ng'ombe, na sumu ikarudi ndani ya maziwa. Au katika mwezi wa njaa, huwasagia watoto. Tusimlaumu. Mwenye njaa haambiwi tupa chakula akatupa.

Kwa hiyo elimu peke yake haitoshi. Mkulima aliyenunua Aflasafe na mfuko mzuri anastahili bei bora kuliko jirani ambaye hakununua, na kijiji kinastahili mahali pa kupimia mahindi yake na chakula cha kubadilisha yale yaliyokataliwa. Wataalamu wamekwisha kutuonyesha milango minne ya kuizuia sumu hii. Kuifunga ni juu yetu sote, na anayesubiri kuifunga jikoni amekwisha kuchelewa.