Rally ya Naivasha au tangi la maji? Pangeni kabla pesa haijaingia

Tangu 2024, Safari Rally inafanyika Machi, na makao yake ni Naivasha. Kwa wengi huku Nakuru, hiyo ni wikendi ya mafuta ya gari, nyama choma na kulala kwa hema. Shida ni kwamba Machi ndipo mvua ya masika nayo inabisha hodi. Nyumba isiyo na gata wala tangi itaacha maji yote yaende mtaroni, na kiangazi mtanunua maji kwa mtungi.

Basi mmoja anasema Naivasha, mwingine anasema tangi. Nyumba nyingine ni mama anayependa kufuma, nyuzi zimejaa kabati, na baba anangoja simiti ya sakafu. Mara nyingi kinachouma zaidi ni kujua pesa ikishatoka.

Tunawashauri hivi:

1. Gawanyeni mapema. Tuseme mkishalipa karo, chakula na bili mnabaki na 8,000 kwa mwezi. Wekeni 5,000 ya nyumba, na kila mmoja achukue 1,500 yake ya kujifurahisha, bila maswali. Mkianza Oktoba, kufikia mwisho wa Februari nyumba ina 25,000, na mpenda rally ana 7,500 ya safari. Asiyeenda naye ana 7,500 zake.

2. Fungeni pesa ya nyumba. Iwekeni kwenye akiba ya kufungwa hadi tarehe ya kazi. Ikikaa kwa salio la kawaida, itaisha na boda na vocha.

3. Msikope kwa ajili ya starehe. Ukitumia huduma kama Fuliza, pesa inayoingia baadaye hukatwa deni kwanza. Ile iliyotumwa ya tangi inaweza kulipia nyama ya jana.

4. Lipeni hadweya moja kwa moja. Tumieni namba ya Till ya duka, na hakikisheni jina kabla ya kuweka PIN. Fundi naye alipwe kidogo kidogo, kazi inavyosonga.

5. Onyeshaneni taarifa ya akaunti, si PIN. PIN ni yako peke yako, hata kwa mwenzi wako. Mwisho wa mwezi, ombeni taarifa na mwisome pamoja.

Msifute rekodi za malipo ya nyumba. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inatambua mchango wa pesa, na pia ule usio wa pesa kama kazi za nyumbani na kulea watoto. Hata kama mali ni ya mwenzako peke yake, ukichangia kuiboresha unapata haki ndani yake kulingana na ulichotoa. Siku mkikosana, ujumbe wa malipo ya mabati unaweza kuwa ushahidi wako. Ukitumia keshi, tunza risiti.

Na je, pesa ikipungua mwezi fulani? Punguzeni pande zote. Mkikata starehe ya mmoja tu, mwezi ujao ataanza kuficha, na mtarudi pale pale.

Leo jioni, watoto wakilala, kaeni chini na simu zenu mbili. Kila mmoja ataje kitu kimoja anachotaka kwa nyumba na kimoja anachotaka kwa nafsi yake. Andikeni bei, kisha mchague tarehe.