Litografia ya Gorman si fotokopi

Swali limenifikia tena wiki hii: "Nina picha ya R.C. Gorman, ina sahihi yake. Ni yenyewe au kopi?" Nimetumiwa na picha: mwanamke wa Kinavajo amejitanda blanketi, ameketi chini, miguu peku, mikono mikubwa.

Gorman, mchoraji, alizaliwa mwaka 1931 huko Chinle, Arizona, katika ardhi ya Wanavajo, wenyeji asilia wa Marekani, akakua akichunga kondoo na kuchora mchangani. Baba yake, Carl, naye mchoraji, alikuwa mmoja wa Wanavajo 29 wa kwanza waliotunga msimbo wa kijeshi kwa lugha yao wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1958 mwana alikwenda kusoma Mexico kwa ufadhili wa baraza la Wanavajo. Ni nchini humo alikojifunza litografia miaka michache baadaye. Mwaka 1968 alifungua nyumba yake ya sanaa mjini Taos.

Sasa hiyo "kopi". Watu wameshika kwamba chochote kilichopita kwenye mashine ni nakala, na picha yenyewe imewekwa kwingine. Si kweli, na nimechoka kuona kazi nzuri zikitupwa stoo kwa sababu hiyo. Mchoraji huchora kwa mkono wake juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa, kwa kalamu ya mafuta, tena kinyume, kushoto kuwe kulia. Jiwe hupakwa gundi ya mgunga, ileile ambayo Sudan huiuzia dunia, iliyochanganywa na asidi kidogo. Kisha hulowanishwa na kuviringishiwa wino: penye mafuta wino unashika, penye maji unakataa. Kila rangi ina jiwe au bamba lake, na karatasi ileile hurudi chini ya mashine kwa kila rangi. Toleo likikamilika, mchoro hufutwa au kuharibiwa jiweni. Ukiuliza picha yenyewe iko wapi, ni hizo karatasi.

Sahihi nayo haiamui kitu. Gorman alitia sahihi hata kwenye mabango ya maonyesho, nayo ni mabango tu. Kulowesha kidole na kusugua sahihi ili kuipima ni kuharibu karatasi bure, acheni.

Chukua lenzi inayokuza mara kumi. Ukiona vitone vilivyopangwa safu kwa safu, ni bango. Ukiona chembechembe zisizo na mpangilio, kama chaki kwenye ukuta mkavu, una matumaini. Tafuta namba ya penseli, mathalani 45/75, yaani karatasi ya 45 kati ya 75 za toleo, na alama ya karakana iliyogandamizwa pembeni bila wino. Weka mbali na jua, kwenye fremu yenye kadi isiyo na asidi, karatasi isigusane na kioo. Ukikuta mkanda wa gundi nyuma yake, usiubandue. Mpelekee mhifadhi wa karatasi.