GIDONI YA KUPINDIKA: FRENI KWANZA, UZURI NYUMA



Watu wengi kati yetu wanakwenda kazini kwa kinga. Kinga nyingi zina gidoni ya kunyooka. Lakini vijana wanapenda kuiondoa na kuweka ile iliyopindika chini kama pembe za kondoo, gidoni ya wakimbiaji. Wengine waliipenda zaidi walipotazama katika televisheni mashindano ya dunia ya mwezi wa 9 mwaka 2025 kule Kigali, katika Rwanda. Ilikuwa mara ya kwanza mashindano hayo kufanyika katika Afrika.

Hatusemi ni vibaya kubadilisha gidoni. Tunasema kazi hiyo inataka akili. Sikilizeni habari ya kijana mmoja.

Aliletwa kwetu katika dispanseri saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mfupa wa bega umevunjika, uso umechubuka. Alikuwa akishuka mteremko kwenda kazini, na lori lilikuwa limesimama chini. Nikamwuliza: «Mdogo wangu, waya wa freni ulikatika?» Akajibu: «Hapana, munganga. Freni ilikuwa nzima. Nilishika mpaka mkono wa freni ukagusa gidoni, na kinga iliendelea kwenda.»

Kisha akaeleza kwamba wiki tatu mbele ya siku ile aliweka gidoni ya kupindika. Alikaa wiki nane bila kushika kazi.

SABABU GANI FRENI NZIMA HAIKUSHIKA?

Mikono ya freni si ya namna moja. Mkono wa gidoni ya kunyooka mara nyingi huvuta waya mrefu. Mkono wa gidoni ya kupindika huvuta waya mfupi, karibu nusu tu.

Sasa tazama freni yenyewe kwenye gurudumu. Kuna freni yenye vyuma viwili virefu vinavyosimama huku na huku ya janti, na waya unapita juu toka chuma kimoja kwenda kingine. Freni hiyo inataka waya mrefu. Kuna nyingine ndogo, iliyofungwa kwa buloni moja juu ya gurudumu. Hiyo inataka waya mfupi.

Kijana yule alikuwa na freni ya vyuma virefu, na akanunua mikono ya kuvuta waya mfupi. Fundi aliona shida hiyo, akasogeza mipira ya freni karibu sana na janti. Siku za kwanza kinga ilishika vizuri, hata kupita zamani! Lakini mvua ikanyesha. Matope na mchanga vikala mipira ya freni. Nafasi kati ya mpira na janti ikaongezeka kidogo tu, na mkono wa freni haukuwa tena na waya wa kutosha. Ulifika mwisho kabla mipira haijabana janti kwa nguvu.

Hivi ndivyo freni nzima inavyomdanganya mtu. Haikatiki, hailii, haitoi onyo mpaka siku ya mteremko.

Kinyume chake pia ni kibaya. Ukiweka mkono wa kuvuta waya mrefu juu ya freni ndogo ya buloni moja, mkono utakuwa mgumu kama ubao. Utabana kwa nguvu zako zote, na kinga itapunguza mwendo polepole tu.

MAMBO YA KUPIMA MBELE YA KUTOA FRANKA

1. Unene wa gidoni. Gidoni ya kunyooka ina milimita 22,2 pahali pa kushikia. Ya kupindika ina milimita 23,8. Kwa hiyo mikono ya freni ya zamani haiingii. Usiitanue kwa nyundo wala kwa patasi, itapasuka siku moja mkononi mwako. Pima pia pale katikati ambapo shingo ya kinga inabana gidoni: kuna za milimita 25,4, za 26 na za 31,8. Usijaze nafasi kwa kipande cha kopo. Gidoni itazunguka unapoegemea.

2. Mikono ya freni ilingane na freni. Kama una freni ya vyuma virefu, tafuta mikono ya gidoni ya kupindika iliyotengenezwa kuvuta waya mrefu. Ipo. Kama huipati, badilisha freni yenyewe, uweke ya vyuma vifupi. Kama huwezi kufanya moja wala lingine, acha gidoni yako ya zamani.

3. Kinga nyeusi zenye freni za fito za chuma pahali pa waya hazikubali mikono hiyo. Msizikate fito hizo.

4. Waya mpya. Kichwa cha waya kwa mikono ya kupindika kina umbo la peari. Cha gidoni ya kunyooka ni cha mviringo kama kipande cha bomba. Usikwangue kimoja kuingia pahali pa kingine. Tena, ganda la waya wa freni si sawa na ganda la waya wa vitesi. Ganda la vitesi likitiwa kwenye freni linaweza kupasuka unapobana kwa nguvu.

5. Shingo ya gidoni. Zile zinazoingia ndani ya bomba la kinga zina alama inayoonyesha mwisho wa kuipandisha. Alama hiyo isionekane nje. Ikionekana, shingo inaweza kuvunjika.

6. Midomo ya gidoni. Iziba yote miwili kwa vifuniko. Bomba lililo wazi linaweza kutoboa tumbo la mtu anayeanguka, na watoto ndio wanaoumia zaidi. Wazazi, tazameni hata kinga ndogo za watoto wenu.

MGONGO NA SHINGO

Gidoni ya kupindika ina faida. Unaweza kushika juu, au kwenye mikono ya freni, au chini. Mkono unabadilisha pahali na kupumzika. Upepo nao unakupata kidogo ukiinama.

Lakini inapeleka mikono mbele kwa sentimita 8 au zaidi. Kama kinga yako ilikuwa inakutosha, sasa imekuwa ndefu. Utainama sana, na jioni shingo na kiuno vitauma. Dawa yake ni shingo ya gidoni iliyo fupi zaidi, na pengine ya juu zaidi. Ukiwa umeshika mikono ya freni, viwiko vyako vikunjike kidogo. Kama vimenyooka kabisa, kinga ni ndefu mno kwako.

Na yule anayebeba mfuko wa makala au mtoto asitumie gidoni hiyo. Mzigo unataka gidoni pana inayoongozwa kwa urahisi.

MIKONO YENYE GANZI

Kuna wanaobadilisha gidoni kwa sababu vidole vinakufa ganzi. Tunapashwa kutofautisha.

Ganzi ya kidole kidogo na kile cha jirani yake mara nyingi hutoka kwenye kugandamiza kiganja juu ya gidoni. Mshipa wa fahamu unaopita upande huo unabanwa. Inua gidoni kidogo, badilisha pahali pa kushika mara kwa mara, na usikunje kifundo cha mkono. Pengine hutahitaji kununua kitu.

Lakini wewe unayetoboa mwamba kwa mashine inayotetemesha mikono, sikiliza vizuri. Kama ncha za vidole zinageuka nyeupe wakati wa baridi, kama ganzi inakuamsha usiku, kama inakuja hata siku ambazo hukupanda kinga, usilaumu gidoni. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa mtetemo wa mashine. Njoo dispanseri mapema. Ukiuficha kwa miaka, vidole vinaweza kubaki hivyo. Na mkono wenye ganzi haubani freni vizuri, hata freni ikiwa nzuri namna gani.

MAJARIBIO MBELE YA KUTELEMKA

Kazi ya fundi ikiisha, usipande barabarani bado.

— Simama mbele ya kinga, bana gurudumu kati ya magoti, zungusha gidoni kwa nguvu. Isicheze.
— Geuza gidoni kushoto mpaka mwisho, na kuume mpaka mwisho. Waya usivutike.
— Bana mkono wa freni kwa nguvu zote. Kati yake na gidoni ibaki nafasi ya vidole viwili. Kama inagusa, kinga isitoke nyumbani.
— Bana freni ya mbele na kusukuma kinga mbele. Gurudumu la mbele lisizunguke hata kidogo. Fanya vile vile kwa freni ya nyuma.
— Panda pahali pa tambarare, polepole, na ujaribu kusimama mara kumi.
— Rudia kipimo cha vidole viwili kila wiki, na wakati wa mvua kila asubuhi.

Kipimo hiki cha vidole viwili hakitaki franka wala fundi. Kingefanywa asubuhi ile, kijana wetu angeona, angesukuma kinga kwa miguu, na kufika kazini akiwa amechelewa dakika chache. Bibi yake hangeitwa dispanseri.

Mdogo wetu huyo alirudi kazini. Gidoni yake ya kupindika bado anayo, na safari hii mikono ya freni inalingana na freni. Kila asubuhi anaweka vidole viwili kabla ya kupanda. Fanyeni kama yeye, lakini msingojee kuvunjika bega kwanza.