Fahamu: Cheti cha tabia njema kwa Mkenya anayekwenda kazi nje

Waajiri wengi wa Ghuba hudai cheti cha tabia njema, kinachotolewa Kenya na Idara ya Upelelezi wa Makosa ya Jinai (DCI). Unaomba na kulipa kupitia eCitizen, unachapa fomu ya C-24, kisha unaenda na kitambulisho kuchukuliwa alama za vidole.

Hapo ndipo wengine hukwama. Vidole vyote kumi hupakwa wino mweusi, na mikono iliyolika kwa sabuni au jembe hutoa alama hafifu. Inauma, maana wenye mikono hiyo ndio wanaoihitaji kazi zaidi. Mwombe afisa arudie papo hapo.

Wakala anayedai atakumalizia kila kitu usimpe hela: vidole ni vyako, lazima ufike mwenyewe. Ubalozi nao waweza kutaka cheti kigongwe muhuri wa Wizara ya Mambo ya Nje, ulizia mapema.