Sabuni na Udongo Mwekundu wa Nchi ya Chai
Sehemu ya 2: Uchafu Unaorudi Nguoni

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza jinsi sabuni inavyong'oa uchafu kwenye kitambaa. Kung'oa, hata hivyo, ni nusu tu ya kazi. Mzazi wa Litein au Mogogosiek anayefua sare za shule kila Jumamosi analijua vizuri tatizo la pili: shati halina doa hata moja, limesuguliwa hadi kola imeanza kuchakaa, na bado weupe wake haurudi. Kila baada ya majuma machache linazidi kuingia wekundu hafifu, na likianikwa kando ya shati jipya tofauti inaonekana tokea mbali.

Uchafu ule haukukataa kutoka. Ulitoka, ukaelea ndani ya beseni, kisha ukarudi na kutua juu ya nguo nzima kwa usawa. Ndiyo maana jicho halioni doa.

Udongo wa Kericho na Bomet, kaunti za Kenya ilimo miji hiyo, unaujua sana mchezo huo. Ni udongo mwekundu wa kina kirefu, uliozaliwa na miamba ya volkano iliyooza kwa karne nyingi chini ya mvua kubwa. Ndani yake mna mfinyanzi wa aina ya kaolini pamoja na oksidi za chuma, ambazo ndizo zinazoupa wekundu. Chembe za mfinyanzi ni ndogo kuliko sehemu mbili za elfu za milimita, kiasi kwamba zinapenya katikati ya nyuzi za pamba bila shida.

Kuna jambo jingine. Mchai hustawi kwenye udongo wenye asidi, wa pH kati ya 4.5 na 5.6 hivi. Katika hali hiyo ya asidi, oksidi za chuma hubeba chaji chanya za umeme, ilhali pamba iliyolowa hubeba chaji hasi. Chanya na hasi huvutana, kwa hiyo tope linapogusa suruali ya mchumaji wa chai linaing'ang'ania. Sabuni ya unga hugeuza mambo: huipandisha pH ya maji hadi kwenye 10 au karibu yake, oksidi zikapoteza chaji chanya na kuchukua hasi, na chembe na kitambaa vikaanza kusukumana. Tope likaachia.

Hatari huanza wakati wa kusuuza. Maji safi yakimiminwa, sabuni hupungua nguvu, pH hushuka na msukumano ule hulegea. Chembe zilizobaki kwenye mikunjo ya nguo hupata nafasi ya kushika tena. Hapo ndipo panapohitajika kitu cha tatu, ambacho si sabuni wala si maji: polima, yaani molekuli ndefu mithili ya uzi, inayowekwa makusudi ili kuuzuia uchafu usirudi.

Polima ya kwanza kupata umaarufu katika kazi hii ni kaboksimethili selulosi, ambayo wauzaji wa kemikali huiita CMC kwa kifupi. Hutengenezwa kwa selulosi ya miti au ya pamba, iliyochanganywa na magadi makali na asidi ya kloroasetiki. Wajerumani waliivumbua wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na kufikia miaka ya 1930 walikuwa wameanza kuitia katika bidhaa za kufulia. Umuhimu wake ulidhihirika zaidi sabuni za sintetiki za viwandani ziliposambaa, kama vile Tide iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1946. Sabuni hizo mpya zilitoa uchafu vizuri, lakini zilikuwa dhaifu katika kuushikilia majini, na nguo nyeupe zilikuwa zikififia. Kiasi cha CMC cha karibu asilimia moja ya unga kilitosha kuleta nafuu kubwa.

Siri yake ni undugu. CMC ni selulosi, na pamba pia ni selulosi. Kwa hiyo molekuli zake hulala juu ya nyuzi za pamba na kuzifunika. Hufanya kazi inayofanana na ile ya aproni ya plastiki ambayo mchumaji hujifunga ili majani yaliyolowa yasimfikie mwilini. Zaidi ya hapo, molekuli hizo zimejaa chaji hasi, na chembe ya tope inayokaribia husukumwa irudi majini.

Undugu huohuo ndio unaoiwekea mpaka. Mashati mengi ya shule siku hizi ni mchanganyiko wa pamba na poliesta, na poliesta haina nasaba yoyote na selulosi. CMC haishiki juu yake. Tena poliesta hupenda mafuta: jasho na mafuta ya shingo hujipaka kwenye kola, na vumbi la barabara ya Kapkatet likaja kujibandika juu yake. Kwa nyuzi hizo wanakemia walibuni polima nyingine yenye vipande viwili: kimoja kinafanana na poliesta yenyewe, nacho hushika kitambaa, kingine hupenda maji, nacho huyafanya mafuta yaachie. Poliakrilati, aina ya tatu, hushughulika na chembe zenyewe, huzizingira na kuzitenganisha zisigandamane.

Watengenezaji wadogo wa sabuni ya maji nchini Kenya huijua CMC kwa kazi tofauti. Hununua unga wake madukani pamoja na viungo vya kusafishia kama ungarol na asidi ya salfoniki, wakautia ili sabuni iwe nzito na ipendeze kwenye chupa. Wengi hawajaambiwa kwamba unga huohuo unalinda nguo za pamba za wateja wao. Wanastahili kuelezwa, maana anayeubadilisha kwa chumvi peke yake anapata uzito ila anapoteza ulinzi.

Kwa anayefua kwa mkono, ujuzi huu una manufaa leo hii. Tope liachwe likauke, kisha lipigwe brashi kabla nguo haijaguswa na maji, kwani kila chembe inayobaki nje ya beseni haina namna ya kurudi nguoni. Nguo za shambani zisilowekwe pamoja na sare. Povu lichafu likamuliwe lote kabla ya kusuuza, na maji ya kusuuza yabadilishwe angalau mara moja. Polima katika sabuni ni kidogo, na beseni likizidiwa na tope, nayo huzidiwa.

Sehemu ya tatu itachunguza doa jeusi linalotokea utomvu wa majani ya chai unapokutana na chuma, na sababu za kusugua kwa nguvu kutolisaidia.