Unga Mweupe Kiganjani

Pitisha kiganja ubavuni mwa gari-nyumba lililoanikwa kwenye jua la Arizona kwa miaka ishirini, kisha kigeuze ukitazame. Kimekuwa cheupe kama cha mwalimu aliyetoka kufuta ubao. Unga huo si vumbi la jangwani. Ni ngozi ya gari lenyewe inayolika.

Nilipolinunua la kwangu hapa Tucson, toleo la 2004, niliamini nina kazi ya Jumamosi mbili tu: sabuni, polishi, nta, nimemaliza. Magari haya yana ukubwa wa basi, na ndani yake mna kitanda, jiko na choo. Wastaafu wa Marekani huyaendesha hadi kusini kukimbia theluji, na kila Januari mji mdogo wa Quartzsite, magharibi mwa jimbo hili, huzungukwa nayo kila upande. Nilikuwa na hamu kubwa ya kuliona langu liking'aa kati ya hayo.

Fundi niliyemwita ni mzee wa Bukavu anayeishi mjini hapa. Ubavu hakuugusa. Aliomba ngazi.

"Hii haiko shida ya rangi, ndugu yangu," aliniambia kutoka juu. "Iko shida ya maji. Kuja uone."

"Nakuja, mzee."

Paa ni la mpira, na limetobolewa kila mahali: matundu ya hewa, kiyoyozi, antena, bomba la choo. Kila tundu limezungushiwa sili, na sili ile ilikuwa imepasukapasuka kama tope la bwawa lililokauka. Mtu aliyekuja kabla yangu alijaribu kuziba nyufa kwa kupaka silikoni juu yake. Karibu hakuna kinachoshika vizuri juu ya silikoni kuukuu, hata silikoni mpya, kwa hiyo maji yalikuwa yakipita chini yake kwa utulivu.

Tuliposhuka, mzee aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayechagua nazi sokoni. Mahali pazima palitoa sauti ngumu. Kwenye kona ya mbele, chini ya mshono wa paa, sauti ilibadilika ikawa ya debe tupu. Kuta za magari mengi ya aina hii ni faiba nyembamba iliyogundishwa juu ya plaiwudi, na nyuma yake kuna povu la kuzuia joto. Maji yakishaingia, plaiwudi inaoza, gundi inaachia, na faiba inavimba. Polishi haiponyi uvimbe huo. Ukuta uking'aa, uvimbe ndio unaonekana zaidi.

Ndiyo maana nasisitiza kwa kila anayeniuliza: anza na paa. Sisi tulikaa huko siku nyingi kuliko tulizokaa ubavuni. Tulikwangua silikoni yote kwa kisu cha plastiki, tukasafisha, tukaweka sili mpya ile inayotambaa yenyewe na kujisawazisha. Mpira wa paa tuliuosha kwa sabuni ya kawaida, kwa kuwa mpira wa aina hiyo hauvumilii viyeyusho vya mafuta. Unavimba na kulegea. Nao pia hutoa unga wake kadiri unavyozeeka, na mvua huushusha ukutani. Ile michirizi myeusi inayowasumbua wenye magari haya huanzia juu. Unaweza kusugua ubavu kila wiki, lakini paa likiwa chafu michirizi itarudi.

Hapo ndipo tukaugeukia ubavu. Tabaka la nje la faiba huitwa jelikoti, yaani resini ya poliesta iliyochanganywa na rangi. Miale ya jua hukata minyororo ya resini, na chembe za rangi zilizokuwa zimeshikwa humo hubaki wazi. Hizo ndizo zinazokuja mkononi. Mwaka 2023 jiji la Phoenix lilipitia siku 31 mfululizo za joto la nyuzi 43 za Selsiasi na zaidi, na gari lililoegeshwa nje halina pa kukimbilia. Wenye boti za faiba kule Tanga na Unguja wanaujua unga huu. Ukikaa ukingoni mwa boti kuukuu, suruali inaubeba. Paa za kunyanyuka za magari ya utalii, nyingi zake za faiba, hupauka kwa sababu ileile.

Lakini jelikoti ina unene wa karibu nusu milimita, wakati lakari ya juu ya gari dogo mara nyingi ni kama sehemu ya kumi ya hapo. Kwa hiyo unaweza kuondoa tabaka lililokufa na bado ukabaki na tabaka hai chini yake. Tulijaribu kwanza kipande kidogo, tukianza na dawa laini ya kusugulia kabla ya kali. Kisha tukafanya kazi alfajiri, kivulini, ukuta ukiwa wa baridi, mraba wa nusu mita kwa nusu mita, kwa mashine ya kuzungusha yenye pedi ya sufu. Pedi inajaa unga haraka, lazima isafishwe kila baada ya muda mfupi. Kwenye kona mashine hupita kwa wepesi, kwa sababu hapo jelikoti hutoboka upesi.

Stika za zamani tulizibandua kwa hewa ya moto, polepole. Chini yake faiba ilikuwa mpya kabisa, na umbo la stika linaonekana hadi leo.

Jirani alinishauri nipake polishi ya akriliki, ile ya sakafu, na kuacha taabu yote hii. Nimeyaona magari yaliyopakwa hivyo. Mwanzoni yanameta kama kioo. Baadaye tabaka lile hugeuka manjano na kubanduka vipandevipande, na kulitoa kunataka amonia na siku nyingi za kusugua. Sitalifanyia gari langu hivyo.

Tulimalizia kwa nta ya karnauba, inayotokana na majani ya mti wa Brazili wa jamii ya mnazi. Zipo kinga za seramiki zinazodumu zaidi, na mwenye fedha atazipenda. Mimi nimechagua nta kwa sababu inaisha baada ya miezi michache, na kila nikiirudia nalazimika kuzunguka gari zima, kugonga kuta, na kupanda ngazi kutazama sili.

Mvua za kiangazi hapa kwa kawaida huanza mwanzoni mwa Julai. Ya kwanza ilipiga usiku, upepo mkali, radi, maji yakishuka kwa kishindo. Nilitoka na tochi, nikaingia ndani ya gari, nikapanda juu ya kitanda na kubandika kiganja kwenye ile kona ya mbele, dari inapokutana na ukuta. Nilikaa hivyo mpaka mvua ikapungua. Pakavu. Asubuhi nilimpigia simu mzee.

"Na ngazi," akauliza, "umeshapanda?"